Babu Songgok Ndani ya Mashine

Daegu, 26 Agosti 2006

Kwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumai goti limetulia baada ya kushinda mlimani juzi, ingawa najua ukiulizwa utasema goti halijambo, wanaouliza ndio wagonjwa. Nakuandikia kwa sababu simu huitaki, na kwa sababu ulinifundisha mwenyewe kwamba neno zito la ukoo halisemwi kwa simu, huandikwa.

Tangu tulipolifungua kaburi la Babu Songgok ili kumhamisha, sijatulia. Wale mafundi walipoipasua chokaa iliyozunguka jeneza kwa mashine ya barabarani, na jeneza la msonobari likatoa harufu utadhani limechongwa wiki iliyopita, nilifikiri tutakuta mifupa kidogo na vumbi kama tulivyokuta kwa wengine. Kumbe mtu mzima amelala. Ndevu zake ziko palepale, nywele zimefungwa kishungi, ngozi ukiigusa inabonyea. Miaka mia nne! Wewe uliinamisha kichwa ukasema, "Hajaoza. Ndiyo maana." Na kila aliyekuwepo alijua unachosema.

Ndiyo maana baba alianguka akafa kwenye mpunga mimi nikiwa bado shule. Ndiyo maana Kaka Gyu-seok alianguka Januari hii akifunga kamba za viatu, chai yake bado ya moto. Ndiyo maana Gyu-won, mdogo wangu, uliyemchukua awe mrithi wa nyumba kuu kwa kuwa hukujaliwa mtoto wa kiume, siku hizi anahema na moyo wake unakimbia akiwa amekaa tu. Wanaume warefu wa ukoo wetu wa Tak hawazeeki. Nimelisikia hilo tangu utotoni, na mpaka mwaka huu nilidhani ni maneno ya msibani tu.

Kazi yangu unaijua. Nawalaza watu kwenye mashine ya CT, nayo inawapiga picha za ndani, kipande baada ya kipande, bila kisu. Sasa Babu yuko kwenye jokofu la maiti la hospitali yetu hii hii, ghorofa mbili chini ya chumba changu, akisubiri watu wa makumbusho wamalize kumvua nguo kama ulivyokubali. Naomba kitu kimoja tu. Niruhusu nimlaze kwenye mashine.

Kuna kitu nilikiona pale kaburini. Kifua chake kimebonyea katikati. Cha baba kilikuwa hivyo hivyo. Akilala kando ya mto tulikuwa tunamwagia maji humo yanatuama, naye anacheka mpaka yanamwagika. Cha Gyu-seok pia. Mimi nadhani Babu hakutulaani. Nadhani alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wake ndio unaotembea kwenye damu yetu. Nikiuona ndani yake, nitajua cha kutafuta ndani ya Gyu-won kabla hajaanguka.

Utaniuliza kwa nini nisimpime Gyu-won mwenyewe. Nimemsihi mpaka nimechoka. Anasema kiwandani walimpima wakamwambia mzima, na kama Baba Mkubwa amesema ni kaburi basi ni kaburi. Mimi hanisikilizi, mimi ni dada tu. Lakini Babu Songgok akisema, yeye atasikia, na wewe utasikia.

Bo-ram anakusalimu. Timu yao ya voliboli imeingia nusu fainali, na kocha anasema ile mikono ya mwanangu ni mali ya taifa. Mimi nilipokuwa na urefu ule mliniita mlingoti, yeye anapigiwa makofi. Dunia imebadilika kweli.

Mwanao,
Yun-ok


Nyumba Kuu, 30 Agosti 2006

Kwa Yun-ok,

Marahaba. Goti halijambo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikitafuta mahali ulipokuwa unatania. Sikupaona.

Unajua tunavyozika. Mwili ukioza vizuri, mifupa ikabaki safi, marehemu amepumzika na watoto wake wanapumzika. Mwili usiooza ni wa mtu aliyekwama njiani, na akikwama yeye anawashika na walio nyuma yake. Bwana Ma, anayetusomea milima na maji na kutuchagulia mahali pa makaburi, alisimama pale kaburini akashindwa kunywa pombe aliyomiminiwa, na wewe unamjua Bwana Ma na pombe. Alisema achomwe moto kabla mwezi wa ziada wa kalenda ya mwandamo haujaisha. Huu ndio mwezi ambao mbingu zinaangalia pembeni na mtu anaweza kugusa kaburi asidhurike. Ukiisha, tarehe ishirini na moja Septemba, tutasubiri mwingine miaka kadhaa. Gyu-won hana miaka kadhaa. Umeliona hilo wewe, nimeliona na mimi, kwa hiyo usinifundishe haraka.

Nguo nimewapa makumbusho kwa sababu nguo ni nguo. Mwili ni mtu. Huyu alikuwa mtu ambaye hata mkewe hakumwona bila kofia kichwani. Leo mjukuu wa kike amlaze uchi juu ya chuma amwangalie mpaka utumbo, halafu aniambie ni kwa heshima? Angekuwa baba yako ungefanya?

Na jambo lingine nalisema kwa upendo, ingawa halitasikika hivyo. Wewe umeolewa na ukoo wa Eom. Najua mwaka jana mahakama imesema binti naye ni mwanaukoo. Sawa, basi mahakama ije itupikie sahani za matambiko. Mambo ya damu ya Tak yana mwenyewe, na mwenyewe aliyebaki ni Gyu-won. Nimemwambia achukue likizo aje, yeye ndiye atakayewasha moto.

Usidhani ni wewe peke yako usiyetulia. Nimemzika mdogo wangu, nimemzika na mwanawe. Mimi niliyerithi ufupi wa mama, mfupi kama gunia, ndiye ninayebaki nikiwafukia warefu. Nimechoka kuwa mzima, Yun-ok.

Pil-su


Daegu, 3 Septemba 2006

Kwa Baba Mkubwa,

Umeniuliza angekuwa baba ningefanya. Ningefanya. Ningemlaza baba kwenye mashine akiwa hai, ningemfunga kamba kama angekataa, na leo mngekuwa wazee wawili mnagombana juu ya samaki wa kukausha.

Mashine haimgusi. Haimkati. Unakumbuka ulivyokuwa unaweka taa nyuma ya mlango wa karatasi, tunaona kivuli cha paka aliye ndani? Ndivyo ilivyo. Sitamfunua, nitampitisha na sanda yake juu yake. Atatoka alivyoingia, kisha mchomeni, nitaleta kuni mwenyewe.

Jana Gyu-won alipita kazini kwangu. Alisimama ngazini ameshika ukuta, anatokwa jasho, anasema ni joto. Nilimwambia twende tu hapo juu, kitanda kiko wazi, si muda mrefu. Alinicheka. "Dada, nikikutwa na kitu nani atawasha moto? Acha nimalize kazi ya Babu kwanza." Ndivyo mlivyomlea! Anakwenda kuinua mbao na jeneza mlimani akiwa na moyo ule, eti kwa ajili ya kupona.

Naandika nikiwa nimeegemea ukuta kwa sababu mgongo unaniuma hapa katikati ya mabega. Ni aproni za madini ya risasi tunazovaa kazini kujikinga na mionzi, zimenikalia mabegani tangu nilipokuwa msichana. Nakwambia ili usidhani mwandiko mbaya ni utovu wa adabu.

Baba Mkubwa, napiga magoti. Sijawahi kukuomba kitu. Hata harusi yangu sikuomba uje, ulikuja mwenyewe na mvua ile. Ukimchoma kabla sijamwona umemchoma shahidi pekee tuliye naye.

Yun-ok


Nyumba Kuu, 6 Septemba 2006

Yun-ok mwanangu,

Mimi si mtu wa barua, mwandiko wangu ni wa kuandikia majina kwenye mitungi ya soya, kwa hiyo vumilia.

Baba Mkubwa wako barua yako ameisoma, ameikunja, ameiweka chini ya mto. Chakula anakisukuma. Nikimwambia mjibu mtoto, ananiuliza kama chumvi imeisha nchini, mbona supu haina ladha. Namfahamu. Anaogopa. Anaogopa ukiangalia utakuta kweli kitu, halafu ataulizwa mbona alikaa miaka yote akihamisha makaburi wakati watu wanakufa.

Sasa nisikilize. Mimi si Tak. Mimi ni mwanamke wa Gamcheon niliyeletwa hapa kwa gari la ng'ombe, na tangu siku hiyo napikia wafu wenu kuliko wazima. Babu Songgok huyo nimemkaangia samaki kila mwaka, nimemmenyea peasi, na siku yake ikiangukia baridi nimeosha wali wake kwa maji ya barafu. Ananidai nini? Hajaniuliza hata siku moja kama nimekula. Basi safari hii na yeye afanye kitu kwa ajili ya nyumba.

Ndani ya bahasha hii kuna ile karatasi ya ruhusa ya hospitali uliyoituma pamoja na barua ya kwanza, ina muhuri wa mzee. Alikula tambi za baridi akalala mdomo wazi, na muhuri uko kwenye sanduku palepale siku zote. Ikijulikana nitasema nilifanya mimi.

Nina masharti. Mfunike. Nimetuma kitani kipya, kile nilichokuwa nimejiwekea mwenyewe, mimi nitasubiri kingine. Usiruhusu watu wa kupita wamchungulie. Kabla hujawasha hiyo mashine mwinamie, umwambie jina lako na kwamba Mama Mkubwa wa nyumba kuu ndiye aliyekutuma.

Na wewe kula. Siku ile kaburini uso wako ulikuwa mweupe kama unga wa mchele. Nilimwosha baba yako na nilimwosha Gyu-seok. Sitaki kumwosha mwingine kabla yangu.

Mama Mkubwa wako


Daegu, 11 Septemba 2006

Kwa Baba Mkubwa,

Nimefanya. Nisome mpaka mwisho kabla hujachana.

Jana Jumapili mashine ilikuwa haina wagonjwa. Muhuri kwenye karatasi ni wako lakini si wewe uliyeupiga. Niliuchukua mwenyewe siku nilipokuja kuleta pichi, kosa ni langu. Babu alifunikwa kitani kipya toka utosini mpaka nyayoni. Niliinama mara mbili nikamwambia mimi ni Yun-ok, binti wa Pil-yong. Kisha nikabonyeza, meza ikamwingiza taratibu kama inavyowaingiza wote.

Mwili wake umekauka kwa ndani, lakini mifupa inasema yote. Kifua kimezama kuelekea moyoni. Uti wa mgongo umepinda, na tundu linalopitisha mishipa ya fahamu limepanuka kuliko kawaida. Vidole, Baba Mkubwa! Virefu kama vya baba, vile ulivyokuwa unasema vimeumbwa kwa ajili ya brashi ya kuandikia. Meno na nyonga vinasema hakuwa amefika miaka hamsini. Na upande wa kushoto wa kifua kuna kitu kikavu kimejaa, kimesukuma pafu kule pembeni.

Daktari Myeong, anayetusomea picha, aliziangalia moja moja. Ni mtu wa utani lakini hakutania. Alisema kile kikavu ni damu. Mshipa mkuu unaotoka moyoni hutanuka kidogo kidogo kwa watu wenye umbo hili, haumi wala hauonyeshi kitu, mpaka siku unapasuka. Anayepasukiwa huanguka alipo. Kwenye mpunga, au akifunga viatu. Alisema ukiujua mapema unaweza kufanyiwa upasuaji, wanaweka kipande cha bomba la kitambaa, mtu akaishi mpaka akapoteza meno.

Aliniuliza, "Wamebaki wangapi wa damu yake?" Nikamwambia, "Mmoja. Mdogo wangu Gyu-won." Akasema, "Mlete leo."

Lakini leo haiwezekani kwa sababu Gyu-won ananiambia anasubiri kauli yako. Kwa hiyo nakutumia picha mbili. Moja ni kifua cha Babu, nimechora duara kwa kalamu nyekundu. Nyingine ni mkono wake. Uangalie huo mkono halafu uniambie ni wa nani.

Alikufa kama baba alivyokufa. Hakutushika miguu. Alikuwa wa kwanza kuanguka, basi.

Nitukane unavyotaka baadaye. Mwamrishe Gyu-won kwanza.

Yun-ok


Nyumba Kuu, 14 Septemba 2006

Kwa Yun-ok,

Hukuuchukua wewe. Muhuri wangu huwa na wino mkavu pembeni kwa sababu siufuti. Umerudi sandukuni umefutwa unang'aa. Katika nyumba hii anayefuta vitu ni mmoja tu, na kwa siku tatu simsemeshi, naye anaimba jikoni kana kwamba nimempa zawadi.

Umenidharau. Umemdharau mtu aliyekuwa amelala. Nataka ujue kwamba hilo sijalisahau na sina haraka ya kulisahau.

Picha ya kifua siielewi, naona mawingu tu. Picha ya mkono nimeiweka juu ya meza ya kuandikia. Nimeifunika kwa kitabu. Nimeifunua. Ni mkono wa Pil-yong. Kidole kidogo kimepinda kwa ndani, vile vile. Nilimfundisha kushika brashi mkono ule ukiwa ndani ya wangu, nikawa namgombeza kwamba vidole vyake havitii.

Gyu-won yuko njiani. Nimemwambia asipopimwa hatawasha moto. Si kwamba nakuamini. Ni kwamba kama kuna njia mbili za kumwokoa, nitapita zote mbili, hata moja ikinitia aibu mbele ya wazee wangu.

Matokeo usiniandikie kwa lugha ya hospitali. Niambie ataishi au hataishi.

Pil-su


Daegu, 19 Septemba 2006

Kwa Baba Mkubwa na Mama Mkubwa,

Ataishi!

Gyu-won tumempima jana yote, kwa CT na ile mashine ya kuangalia moyo unavyopiga. Mshipa wake ni mwembamba na mzuri kama wa mtoto. Kule kuhema na lile jasho ni tezi la shingoni linalofanya kazi kupita kiasi, amepewa vidonge, mwezi ujao atakuwa anakula kama farasi. Urefu ni urefu tu, kwa upande wa mama. Nilikaa sakafuni kwenye chumba cha kubadilishia nguo nikalia mpaka msafishaji akaniletea maji. Gyu-won, mjinga yule, aliuliza kama sasa anaweza kuvuta sigara.

Daktari Myeong aliniuliza tena, "Una hakika hakuna mwingine?" Nikamwambia hakuna, baba amekwenda, kaka amekwenda, huyu ndiye wa mwisho na ni mzima. Imekwisha. Ugonjwa umezikwa pamoja na Gyu-seok. Baba Mkubwa, umesikia? Imekwisha.

Basi mchomeni Babu kwa amani tarehe ishirini na moja, nami nitakuja. Nitabeba keki za mchele ila msinipe kitu kizito, mgongo bado hautaki, na tangu juzi umeshuka mpaka kiunoni. Nikitoka mlimani nitaomba likizo ya wiki nzima nilale. Nadhani ni wasiwasi wote huu ulikuwa unanikaa mgongoni, sasa utatoka.

Kesho ni nusu fainali ya Bo-ram. Nimeahidi kukaa mstari wa mbele na kupiga kelele za kumtia aibu. Mama Mkubwa, asante kwa kitani. Nitakununulia kingine, kizuri zaidi, na hutakivaa mpaka wajukuu wa Bo-ram wawe wanakuita kikongwe.

Mwenu,
Yun-ok


Nyumba Kuu, 2 Oktoba 2006

Kwa mkwe wetu, Eom Dae-sik,

Hii ni barua ya tatu. Mbili za kwanza zimerudi hazijafunguliwa, na sikulaumu. Hii anakuletea Gyu-won kwa mkono wake, ataisimamia mlangoni mpaka uisome, hata ukimmwagia maji.

Kwetu mzee hamwinamii marehemu aliye mdogo kwake. Kwa hiyo siku ya msiba nilisimama nje, karibu na mashine ya kuuza kahawa, na watu walidhani ni kiburi. Mama Mkubwa aliingia akamwosha. Mimi nilisimama pale nikisikia sauti yake kupitia mlangoni akimwambia Yun-ok, "Geuka mwanangu, geuka kidogo."

Wewe ulitoka ukaniambia mbele ya watu: "Mlimtafuta mgonjwa kila mahali isipokuwa mahali alipokuwa." Alikuwa mrefu kuliko ndugu zake. Vidole vyake ndivyo vilivyoandika barua zote hizi ninazozilalia. Aliniandikia kwamba mgongo unamuuma, nikasoma, nikageuza ukurasa nitafute habari za Gyu-won. Yeye mwenyewe, mwenye macho yake na mashine yake, daktari alimuuliza wamebaki wangapi wa damu akamjibu mmoja, na alikuwa amesimama pale pale kwa miguu yake. Nani alimfundisha kuhesabu hivyo? Mimi ndiye niliyemfundisha. Tangu utotoni, kila sikukuu, wavulana wakipangwa mbele ya meza ya matambiko na yeye akitumwa jikoni.

Daktari Myeong nilimkuta kwenye korido. Aliniambia walipomtoa Yun-ok uwanjani alikoanguka, Bo-ram akiwa bado na jezi, walimleta hospitalini kwao na wenzake wakamlaza kwenye mashine ile ile. Bado alikuwa anapumua. Aliomba wamgeuzie kioo aone picha. Daktari anasema hakulia wala kupiga kelele. Alisema tu, "Ni Babu," kisha akasema, "Bo-ram." Hakuwahi kufika chumba cha upasuaji.

Dae-sik, nadhani neno lile la mwisho hukulisikia vizuri kwa sababu ya uchungu. Ulidhani anamwita mwanawe aje amshike mkono. Hakuwa anamwita. Alikuwa anajibu swali la daktari.

Mtoto ana miaka kumi na sita na kila mtu anamsifu kwa mikono ile. Anaruka mpaka anapiga mpira juu ya wavu, na kila anaporuka mshipa unaweza kupasuka. Umesema hospitali ile hutaikanyaga tena. Mpeleke nyingine. Mpeleke Seoul. Lakini mpeleke, na leo mwambie aweke mpira chini. Nakuomba mimi niliyemnyima mama yake alipokuwa amepiga magoti. Ukitaka nije nipige magoti mlangoni kwako, nitakuja, na goti hili unalijua.

Utasema ni Eom, si wa kwangu. Ndivyo nilivyosema na mimi.

Mwezi wa ziada umepita na Babu Songgok sikumchoma. Siku ile tulikuwa kwenye msiba wa Yun-ok. Bwana Ma anasema nimeharibu kila kitu, nikamwambia anywe pombe yake aende. Babu bado yuko kwenye jokofu lile. Kwa siku mbili mkeo alilala huko huko karibu naye, na Mama Mkubwa alipoteremka alimkuta Babu amefunikwa kitani kile, akataka kukichukua amfunike Yun-ok. Kisha akakiacha, akavua shali yake mwenyewe.

Mpeleke mtoto.

Tak Pil-su


Daegu, 13 Oktoba 2006

Kwa Babu,

Shikamoo. Baba anasema sijui kuandika barua za heshima kwa hiyo nimwachie yeye, lakini yeye akishika kalamu anaishia kuangalia dirishani.

Tulikwenda hospitali ya Mama, nilitaka iwe hiyo. Aliyenipima ni dada mmoja aliyefundishwa na Mama, alikuwa akinifunga mkanda huku machozi yanadondoka juu ya mkono wangu, akawa anasema samahani, samahani. Kuna baridi humo ndani. Mashine inakwambia shika pumzi, achia pumzi. Nilimfikiria Babu Songgok, yeye aliambiwa na nani.

Ugonjwa upo. Mshipa umetanuka pale unapotoka moyoni, lakini bado haujapasuka. Daktari Myeong alinionyesha zote tatu kwenye kioo, ya Babu Songgok, ya Mama, ya kwangu. Ya Mama niliiangalia mpaka mwisho. Watanipasua Jumanne. Naogopa sana Babu, na Baba anaogopa kuliko mimi ila anajifanya anagombana na watu wa maegesho. Mpira nimeuweka chini tangu siku Gyu-won alipokuja. Alikaa mlangoni kwetu kutwa nzima, na jirani alimpa kimchi ale.

Halafu daktari akaniuliza, "Wamebaki wangapi wa damu?"

Nikaanza kuhesabu. Yupo dada yako aliyeolewa Pohang, na mabinti zake wawili ambao Mama alikuwa anasema wanagonga vichwa kwenye milango. Yupo yule shangazi wa Mama wa Busan mwenye miwani minene. Gyu-seok ameacha binti, yuko chuo, mrefu kama mimi, na hakuna aliyemwambia kitu. Zaidi ya hapo nilikwama. Nilimwomba Gyu-won alete kitabu cha ukoo, tukakuta wanawake wameandikwa kwa majina ya waume zao tu. Daktari hawezi kumpigia simu mume wa mtu akamwambia njoo nikupime mshipa.

Wewe na Mama Mkubwa ndio mnaowajua. Chukua brashi, Babu, muulize yeye jikoni, mwandike majina yao wenyewe na wanakoishi, walio hai wote, hata wale mliogombana nao. Gyu-won atakuja kuichukua karatasi Jumapili.

Juu kabisa andika Tak Yun-ok. Najua hawezi kuja tena kupimwa. Lakini alipoulizwa hakujihesabu, na mimi nataka ahesabiwe wa kwanza.

Bo-ram